Nyumba Isiyo na Pa Kuvulia Viatu

Fumie Nagatsuka alikuwa ameishi miezi kumi na minne katika nyumba ya kesho, na alichokitamani kuliko vitu vyote duniani kilikuwa kizingiti. Kizingiti tu, jamani. Hatua moja ya kupanda, mtu ajue kwamba hapa ni nje na pale ni ndani, hapa unavua viatu na pale unakanyaga kwa soksi. Kila nyumba katika mtaa wao wa Nerima, jijini Tokyo, ilikuwa nacho. Hata yule mzee anayeuza tofu ya soya pembeni ya reli, kibanda chake kimepinda upande, alikuwa nacho. Nyumba ya Fumie, iliyopigwa picha na majarida ya nchi sita, haikuwa nacho.

Aliyeichora ni msanifu majengo aitwaye Kuzuhara, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu ingawa hakuna aliyejua amewahi kumfundisha nani. Alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, hata kwenye joto la kupasua kichwa, na alizungumza kwa sauti ya chini ili watu walazimike kumsogelea. Hakupenda kuta, hakupenda milango. Ukimtajia kabati la viatu anafumba macho, utadhani umemtonesha kidonda. "Mpaka kati ya ndani na nje ni ugonjwa wa zamani," alimwambia Hidenori, mume wa Fumie, siku ya kwanza walipokutana. Na Hidenori, mtu mzima mwenye akili zake, mkuu wa idara katika kampuni ya vifuniko vya chupa, aliitikia kwa kichwa mpaka miwani ikamshuka puani.

Basi wakajengewa. Sakafu nyeupe ya saruji ilianzia ukingoni mwa barabara, ikapita chini ya gari, ikaingia sebuleni na jikoni, ikafika nyuma ikajikunja na kupanda kuwa ukuta, kisha ikarudi juu kuwa paa. Kitu kimoja, rangi moja, hakuna mstari wala tuta. Mbele hakukuwa na mlango ila kioo kirefu ambacho kilizama ardhini chenyewe hewa ikiwa nzuri, na kupanda chenyewe mvua ikianza, na mvuani kilimfungulia mwenyeji kikishamtambua uso, kikabaki wazi, kwa sababu nyumba ilikuwa na akili. Akili yenyewe haikuwa ya kuuliza mtu. Choo nacho kilikuwa cha kioo, na kilijitia ukungu ukishakaa. Ukishakaa! Fumie alijifunza kukaa upesi.

Viatu kila mmoja alivulia anapojua. Hidenori alivulia karibu na friji, Fumie kwenye nguzo, binti yao Chinatsu kwenye ngazi. Fumie alitandika mkeka mdogo hapo mbele, lakini mkataba ulimruhusu Mwalimu kuja kukagua nyumba kila mwezi kwa miaka miwili, na alipokuja aliukunja ule mkeka akaondoka nao. Fumie akabandika utepe mwembamba sakafuni. Mwalimu aliubandua kwa kucha zake mwenyewe akisema ule ni kovu.

"Kovu!" Fumie alimwambia mumewe baadaye. "Mwenye kovu ni mimi, kila siku nadeki matope ya barabarani chini ya meza ya chakula."

"Hujazoea tu, Mama Chinatsu. Vitu vikubwa vinataka muda."

"Na huo muda mimi natakiwa nikae wapi?"

Hidenori akafungua jarida.

Ndipo Chinatsu alipochumbiwa. Mchumba alikuwa Kazuma Isobe, mwalimu wa kuogelea, kijana mpole, mtoto wa pekee wa mchonga mawe wa mkoa wa Ibaraki. Ilibaki wazazi wa pande mbili waonane na wale pamoja, kama ilivyo ada. Fumie alitaka mgahawa, chumba cha peke yao, milango ya karatasi ifungwe, watu wainamiane, mambo yaishe salama. Lakini Hidenori alikuwa ameshajipiga kifua kwenye simu: "Njooni kwetu bwana, mgahawa wa nini? Nyumba yetu mtaifurahia!" Na mama yake Kazuma alijibu kwamba ni vizuri, maana yeye akishaona watu wanavyoishi ndipo atakapojua kama mwanawe ataoa huko au la. Kila mtu aliyemjua Kazuma alijua kwamba hataoa mahali mama yake alipokataa.

Chinatsu alikuja jikoni usiku... hapana, niseme kweli, alikuja mchana mweupe, akasimama na chozi.

"Mama, sikuombi kitu kingine. Siku hiyo moja tu tuonekane watu wa kawaida."

"Tutaonekana," Fumie alisema, ingawa hakujua kwa namna gani.

Siku ikafika, Jumapili ya mwezi wa sita. Majira ya mvua hayo, lakini asubuhi jua lilitoka, na nyumba yenye akili ikazamisha kioo chake ardhini ikajiacha wazi kama sokoni. Saa nne na nusu akaja mleta sushi, ule wali wa samaki mbichi. Alipita moja kwa moja na mabuti yake, akapita sebuleni, akafika jikoni, akaita, "Wenyewe mpo?" Fumie alikuwa amesimama mbele yake. Mleta sushi akatazama miguu yake, akatazama nyuma zile nyayo nyeusi juu ya sakafu nyeupe, akatoka jasho.

"Samahani sana, mama! Nilidhani bado niko nje!"

"Si kosa lako, baba. Weka hapo," Fumie alisema, akachukua tambara. Alikuwa bado amepiga magoti anafuta unyayo wa mwisho aliposikia sauti za wageni barabarani.

Walikuwa watatu. Mbele Mama Kazuma, mwanamke mfupi aliyevaa kimono ya rangi ya majivu na soksi nyeupe pee. Nyuma yake Mzee Isobe na viganja vyake vipana, amebeba zawadi ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwisho Kazuma. Wakafika pale lami inapoishia na saruji nyeupe inapoanza, wakasimama. Mama Kazuma akaitazama sakafu ile safi inayong'aa. Akatafuta mlango wa kupigia hodi, hakuuona. Akatafuta kengele, hakuna. Basi akafanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri angefanya mbele ya sakafu safi namna ile. Akavua viatu. Akavivulia pale pale ukingoni mwa barabara, akainama, akavigeuza vitazame nje, akavipanga sambamba. Kisha akatembea hatua nne kwa soksi zake nyeupe, akapiga magoti kando ya tairi la gari la Hidenori, akaweka viganja chini na kuinamisha kichwa mpaka sakafuni.

"Sisi ndio Isobe. Mtupokee."

Loh! Mkwe mtarajiwa amepiga magoti mahali pa kuegesha gari! Ungemwambiaje sasa? Ungesema, "Mama, inuka, hapo ni nje"? Ungemwambia mwanamke mwenye heshima zake, siku ya kwanza kuonana, kwamba amevua viatu barabarani na kusujudia tairi? Maneno kama hayo hayatoki kinywani mwa mtu. Kazuma aliyajua yote, alishawahi kufika nyumba ile, lakini naye hakuweza kumuumbua mama yake mbele za wakwe. Akavua viatu, uso umemwiva. Mzee Isobe akavua vyake. Chinatsu akamtolea mama yake macho ya kuomba msaada.

Fumie akafanya lililowezekana. Alikwenda haraka, akapiga magoti upande wa pili wa tairi, akainamisha kichwa. "Karibuni, karibuni. Poleni na safari. Ndiyo nyumba yetu hii."

Hidenori akatokea anatabasamu, akaona, tabasamu likamganda. Alifungua kinywa kusema piteni ndani, akakumbuka kwamba ndani haina jina. Akakaza tai yake shingoni.

"Kaeni," alisema. "Hapo hapo ni pazuri."

Mito ya kukalia ikaletwa ikapangwa kati ya gari na mita ya gesi. Meza ndogo ikaletwa. Sushi ikaletwa, chai ikaletwa. Watu sita wakakaa duara na nguo zao za heshima, na malori ya takataka yanapita mita tatu kutoka mgongoni mwao.

Mzee Isobe alilitazama gari kwa muda mrefu. "Tokyo mmeendelea," alisema mwishowe. "Gari mnaliweka sebuleni."

"Ndiyo," alisema Hidenori. "Tunalipenda."

"Hata sisi tuna trekta, lakini hatujafika huko."

Akapita Bi Matsunaga, jirani wa upande wa kulia, na mbwa wake. "Ah, Mama Chinatsu! Leo mnakula hapa n..." Akaona kimono. Akaona viatu vimepangwa ukingoni mwa barabara. Yule bibi ana miaka themanini na akili zake zote. Alielewa papo hapo, akameza neno lililobaki. "Leo mmependeza sana," alisema, akainama. Mbwa yeye hakuwa na adabu za bibi yake. Akasogea kwenye tairi, akainua mguu.

Wote wakamngoja mbwa amalize.

"Na mbwa pia huwa anaingia sebuleni?" Mama Kazuma aliuliza kwa upole.

"Ni wa jirani," Fumie alijibu. Alimwona Mama Kazuma akiangalia kijito kidogo kinachokuja taratibu kuelekea mto wake wa kukalia, akijivuta kidogo upande bila kusema neno. Fumie alijua kabisa mwanamke yule anahesabu nini moyoni. Kila dakika waliyokaa pale, ndoa ya mwanawe ilikuwa inateleza.

Kisha likadondoka tone la kwanza. Lilidondoka katikati ya sahani ya sushi, juu ya kipande cha jodari. La pili likampata Mzee Isobe upaani. Hakuna aliyeinuka. Wageni hawakuinuka kwa sababu wenyeji wamekaa, na wenyeji hawakuinuka kwa sababu kuinuka ni kukiri. "Mvua ya mwaka huu ni nzuri," alisema Hidenori, maji yanamtiririka kwenye miwani. "Nzuri kwa mpunga," Mzee Isobe alikubali. Kama kuna mahali pengine duniani watu sita wanaweza kulowana kwa heshima namna ile, mimi sipajui.

"Naleta mchuzi wa soya," Hidenori alisema ghafla, akaenda jikoni kwa mbio ndogo. Na hapo nyumba yenye akili ikahisi mvua. Kioo kikapanda kutoka ardhini, kimya kimya, mita mbili, mita tatu, kikagusa paa, kikafunga. Hidenori alikuwa upande wa pili na chupa ya soya mkononi, amesimama anawatazama kama samaki wa kwenye tangi. Alikisogezea kioo uso wake ili kimtambue. Miwani ilikuwa imelowa, nyumba ikamkataa.

Mama Kazuma alimtazama yule mwanamume nyuma ya kioo. Akaitazama sahani iliyojaa maji. Akageuka akaviona viatu vyake vinavyojaa mvua kando ya barabara.

"Mama Chinatsu, samahani kwa kuuliza," alisema. "Ndani ni kule?"

Fumie akaitikia kwa kichwa.

"Na hapa ni wapi?"

"Hapa ni pa kuegesha gari!" ilisema sauti moja yenye furaha. Mwalimu Kuzuhara alikuwa amefika kwa ukaguzi wake wa mwezi, nguo nyeusi, mwavuli mweusi, na mwanamke mpiga picha nyuma yake. Machozi yalikuwa yanamlenga Mwalimu. "Msisogee! Tafadhali msisogee! Miaka ishirini nawaambia watu kwamba mpaka haupo, na leo kuna familia inakula chakula cha uchumba kwenye maegesho, bila viatu, mvuani! Mmeielewa kuliko mimi! Piga picha, piga, na yule mama wa kimono aonekane vizuri!" Akapita katikati yao na viatu vyake, akakanyaga pembe ya mto aliokuwa amekalia Chinatsu, asijue.

Mama Kazuma akasimama. Kimono ilikuwa imemganda mwilini na soksi nyeupe zilikuwa nyeusi nyayoni. Aibu ilimpanda usoni waziwazi, na hakukuwa na wa kumfichia.

"Mmeniacha nikapiga magoti hapa," alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Kazuma, chukua viatu vyangu."

Chinatsu akafunika uso kwa mikono.

Kuna watu wanafika mwisho wao kwa kelele. Fumie alifika wa kwake kwa kuinama. Aliinama mpaka paji la uso likagusa saruji, ndani ya maji, karibu na pale alipopita mbwa.

"Mama Kazuma, hujakosea. Mimi ndiye niliyekuona nikanyamaza, nikaogopa kukutia aibu, nikakutia kubwa zaidi. Lakini nikwambie ukweli. Nina miezi kumi na minne humu, na mimi mwenyewe sijawahi kuingia nyumbani kwangu. Napita tu. Nikuombe dakika tano. Dakika tano, halafu ukitaka kwenda, nitakusindikiza mwenyewe mpaka stesheni."

Hakungoja jibu. Alikisogelea kioo, kikamtambua, kikazama. Kando ya nguzo, mahali pekee ambapo Mwalimu alikuwa ameruhusu kitu kikae sakafuni, lilikuwepo jiwe jeusi, refu kama mkono na nene kama kamusi. Hilo lilikuwa Tuzo ya Nyumba ya Kesho. Juu yake jina la Kuzuhara liliandikwa kwa herufi za dhahabu, na jina la waliokuwa wakiishi humo halikuwepo. Fumie akaliangusha juu ya mto wa kukalia, akausukuma mto. Ukateleza kuvuka sebule nzima bila kukwama popote, na kwa mara ya kwanza akaishukuru sakafu ile kwa kukosa tuta.

"Mama Chinatsu, hiyo ni tuzo!" Hidenori alilia, bado na chupa yake.

"Najua."

"Mama Nagatsuka!" Mwalimu alisahau sauti yake ya chini. "Hapo hapana kitu! Kwenye mchoro hapo hapana kitu!"

"Nami najua, Mwalimu. Nimeishi hapo."

Akalitoa jiwe kwenye mto, akalilaza mbele ya kioo, chini ya ukingo wa paa. Kazi ile ilimwacha anahema, nywele zimemfumuka. Mzee Isobe, ambaye tangu mvua ianze hakuwa amesema ila habari za mpunga, akasogea akachuchumaa. Alilipapasa jiwe kwa kiganja, akaligonga kwa kucha, akasikiliza.

"Jiwe zuri," alisema. "Lakini mmeliweka vibaya."

"Vibaya vipi, mzee?"

"Upande huu umesuguliwa mno. Mvua ikinyesha mtu atavunjika nyonga. Kazuma, shika huko."

Baba na mwana wakaligeuza. Herufi za dhahabu zikalala chini, upande mkavu wa kukwaruza ukaja juu. Mzee akaokota kokoto barabarani, akapachika chini ya pembe moja, akalikanyaga jiwe kwa mguu wa soksi, akaruka ruka juu yake kidogo. Halikutikisika.

"Hapo sawa," alisema.

"Jina langu," alisema Mwalimu Kuzuhara.

"Lipo," Mzee Isobe alimjibu. "Nayachonga ya wafu kila siku. Yakilala kifudifudi hayafutiki."

Mama Kazuma alikuwa amelitazama jambo lote hilo, viatu alivyoletewa na mwanawe viko mkononi. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Alimtazama Fumie aliyekuwa amepiga magoti upande wa ndani wa jiwe, mikono imechubuka. Kisha akavaa viatu vyake vilivyojaa mvua, vikalia kwa maji, akarudi mpaka barabarani. Chinatsu alidhani anaondoka, akaanza kulia kwa sauti.

Mama Kazuma akafika kwenye lami, akageuka. Akatengeneza kola ya kimono yake iliyolowa, akaja tena taratibu hadi mbele ya jiwe.

"Hodi," alisema.

Fumie alilisikia neno lile nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. "Karibu! Karibu ndani, mama."

Mama Kazuma akakanyaga jiwe, akavua viatu, akapanda. Mzee akafuata, akafuata Kazuma, na mpiga picha naye akazima kamera yake, akasema hodi, akapokewa. Taulo zikaletwa, na soksi kavu za Chinatsu zikamtosha mkwe wake barabara. "Mkwe," ndivyo Mama Kazuma alivyomwita Chinatsu, mbele ya wote: "Mkwe wangu, soksi zako zina joto." Chinatsu alicheka na kulia kwa pamoja.

Nje ya jiwe alibaki Mwalimu Kuzuhara na mwavuli wake. Kioo kilikuwa wazi, hakikuwepo cha kumzuia. Aliinua mguu apite kama apitavyo siku zote, akakuta watu saba wote wanakitazama kiatu chake. Akaushusha. Mvua ilimpiga mabegani. Alilitazama lile jiwe, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta njia nyingine, na kumbe njia aliziondoa mwenyewe.

"Hodi," alisema, kwa ile sauti yake ya chini.

Fumie alikuwa anammiminia Mama Kazuma chai. Alimimina taratibu mpaka kikombe kikajaa, akachukua cha pili.

"Nani huyo?" aliuliza. "Sema kwa nguvu, hatusikii huku ndani."